Panya anapoacha kufukua: jinsi prioni inavyovuruga kemia ya ubongo kabla ya seli kufa

Jaribio lenyewe halihitaji mashine. Bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita 20 na kipenyo cha karibu sentimita 7 huzibwa upande mmoja, hujazwa gramu 200 za vidonge vya chakula cha kawaida cha panya, kisha huwekwa ndani ya kizimba, mdomo wake ukiwa umeinuliwa sentimita 3 ili vidonge visimwagike vyenyewe. Panya mmoja huwekwa humo saa chache kabla ya giza. Panya mzima haliachi bomba kama alivyolikuta. Huingia, hugeuka, husukuma vidonge nje kwa miguu. Baada ya saa 2 vilivyobaki ndani hupimwa kwenye mizani, na asubuhi hupimwa tena. Si njaa inayomsukuma, maana hata aliyeshiba hufanya vivyo hivyo. Anafukua kwa sababu ndivyo alivyo, kama kuku anavyopekua hata punje zikiwa zimejaa mbele yake.

Sasa mchukue panya aliyedungwa prioni (protini iliyokunjwa vibaya inayoambukiza) ya aina iitwayo ME7 katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu na kutambua mahali. Karibu wiki ya 12 baada ya kudungwa, vidonge vinaanza kubaki bombani. Ukimtazama kwa macho ni mzima: anakula, manyoya yamelala vizuri, anatembea bila kuyumba. Dalili ambazo hata mgeni wa maabara angeziona zitakuja karibu wiki ya 20. Kati ya hapo kuna takriban miezi miwili ambayo mnyama ameshabadilika na mwili haujaonyesha. Kuelewa kinachotokea ndani ya miezi hiyo ndiko kuelewa ugonjwa wenyewe, kwa sababu ni humo tu ambamo bado kuna kitu cha kuokoa.

Prioni ni nini hasa

Kila mamalia ana jeni inayotengeneza protini iitwayo PrP. Kwa panya jeni hiyo ipo kwenye kromosomu ya 2, kwa binadamu kwenye ya 20. Protini ikiwa salama hukaa juu ya utando wa seli, imening'inia kwa nanga ya mafuta na sukari, na sehemu yake kubwa imejisokota kama springi. Prioni ni protini ileile, yenye asidi amino zilezile kwa mpangilio uleule, ila imekunjwa vibaya: springi zimefumuka na kuwa bapa, na molekuli zimepangana moja juu ya nyingine kama sahani kabatini hadi kuwa uzi. Picha za darubini ya elektroni zilizochapishwa kuanzia 2021 zimeonyesha mpangilio huo wazi katika prioni za hamsta na baadaye za panya. Ncha ya uzi ndiyo yenye madhara. PrP salama ikigusana nayo hulazimika kukunjwa kwa umbo lilelile, na uzi hurefuka. Uzi ukikatika, ncha zinaongezeka. Hakuna virusi wala bakteria, na hakuna DNA inayohitajika. Stanley Prusiner alilipa jambo hili jina la prioni mwaka 1982 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Ugonjwa ulijulikana kwa kondoo kwa zaidi ya karne mbili kabla ya hapo, ukiitwa skrapi kwa sababu kondoo hujikwaruza ukutani hadi sufu inatoka. Kilichofungua mlango wa utafiti ni kazi ya Richard Chandler huko Compton, Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1961 kwamba skrapi inaweza kuhamishiwa kwa panya. Kondoo na mbuzi walichukua miaka kuugua. Panya huchukua takriban miezi mitano, na hamsta waliodungwa aina ya 263K huugua ndani ya siku 70 hivi. Panya tunaowazungumzia ni wale wadogo wa maabara, si panyabuku. Yuko pia panya wa misitu ya Ulaya mwenye mkia mfupi ambaye hupokea prioni za wanyama wengi tofauti, na siku hizi hutumika sana.

Uthibitisho kwamba PrP ya mwenyeji, yaani ya mnyama anayeambukizwa, ndiyo malighafi ulikuja kutoka Zurich. Kundi la Charles Weissmann lilizalisha mwaka 1992 panya wasio na jeni ya PrP kabisa, na mwaka uliofuata likaonyesha kwamba panya hao hawaugui skrapi hata wakidungwa. Walionekana wazima tu. Ilichukua miaka kugundua kwamba wanakosa kitu: mpangilio wao wa usingizi na wa saa za kuamka si wa kawaida, na wakizeeka neva za miguuni hupoteza ala yake ya mafuta. Kwa hiyo protini hii ina kazi, japo mnyama anaweza kuishi bila hiyo.

Wingi wa prioni si kipimo cha ugonjwa

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ni rahisi kudhani kwamba prioni hujilimbikiza polepole, na panya anaugua zinapofikia kiwango fulani. Kundi la John Collinge huko London lilipima jambo hili mwaka 2011 kwa panya wa namna tatu: wenye nusu ya PrP ya kawaida, wenye kiasi cha kawaida, na wenye takriban mara nane. Wote walifikisha kilele kilekile cha uambukizi katika ubongo. Kisha wote wakakaa kwenye kilele hicho kwa muda bila kuugua, na urefu wa muda huo ulitegemea kiasi cha PrP salama: walio nayo nyingi waliugua upesi, walio nayo kidogo walichelewa sana. Yaani kuzaliana kwa prioni na kuumiza seli ni hatua mbili zinazoweza kutenganishwa.

Jaribio la zamani zaidi, la 1996, linasema jambo lilelile kwa njia nyingine. Kipande cha tishu ya ubongo yenye PrP kilipandikizwa ndani ya ubongo wa panya asiye na PrP, kisha kikaambukizwa. Kipande kiliharibika kabisa na prioni zikasambaa kutoka humo hadi kwenye ubongo uliokizunguka. Neuroni, yaani seli za neva, za mwenyeji, zisizo na PrP, hazikudhurika. Kwa hiyo prioni inayoelea nje ya seli haitoshi kuiua. Seli yenyewe lazima iwe na PrP kwenye utando wake, ili kitu fulani kipite kwenda ndani.

Sinapsi kwanza, seli baadaye

Turudi kwenye bomba la vidonge. Ukikata ubongo wa panya wa ME7 katika wiki ya 12 na kuhesabu neuroni za hipokampasi, bado zipo. Kilichopungua ni sinapsi, yaani vituo ambapo neuroni moja humwaga kemikali za ujumbe na nyingine huzipokea. Upungufu huanza katika tabaka la CA1, sehemu mojawapo ya hipokampasi, ambalo hupokea nyuzi kutoka sehemu nyingine iitwayo CA3, na ni hizo nyuzi zinazobeba kumbukumbu za mahali. Chini ya darubini ya elektroni unaona ncha ya uzi inayotuma ujumbe ikisinyaa, vifuko vyake vya kemikali vikivurugika, na kijitawi cha neuroni inayopokea kikijikunja kuizunguka kana kwamba kinaimeza. Wengi walitarajia kukuta seli za ulinzi za ubongo, mikroglia, ndizo zinazonyofoa sinapsi hizo. Picha zilionyesha sivyo: neuroni zenyewe ndizo zinazovunja uhusiano.

Kwa tabia, mpangilio ni huu. Kufukua hupungua kwanza, pamoja na hamu ya maji yenye sukari ambayo panya mzima huyapenda mno. Ujenzi wa kiota huzorota pia: panya mzima hukichana kipande cha pamba chenye uzito wa gramu 3 na kukifanya bakuli lenye kuta, ila mgonjwa hukitafuna kidogo tu au hukiacha kilivyo, na mtafiti humpa alama kati ya 1 na 5. Baada ya muda mfupi hutokea jambo linaloshangaza: akiwekwa kwenye uwanja wazi, mgonjwa hukimbia zaidi kuliko mzima, akipita palepale mara nyingi kana kwamba hapajui. Jambo hili ndilo linaloondoa shaka kwamba ameacha kufukua kwa sababu ya udhaifu. Nguvu za misuli huanza kushuka karibu wiki ya 18, pale anapoanguka upesi kutoka kwenye wavu uliogeuzwa chini juu. Kisha huja mgongo wa kibyongo, manyoya kusimama, mkia kukakamaa, miguu ya nyuma kuyumba, na kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Hapo neuroni zinakufa kwa wingi na ubongo umejaa matundu kama sifongo.

Kipimo hiki rahisi huharibika kwa urahisi pia. Panya ambaye hajawahi kuliona bomba anaweza asifukue siku ya kwanza kwa woga tu, hivyo kundi zima huachiwa bomba kizimbani usiku mmoja ili wajifunze kwa kutazamana, ndipo kila mmoja apimwe peke yake. Kila panya lazima awe na kipimo chake cha mwanzo kabla ya ugonjwa, kwa sababu wapo wazima wanaofukua gramu chache sana. Ukoo nao una uzito: panya wa C57BL/6 ni wafukuaji hodari, koo nyingine hazina hamu hiyo. Kosa kubwa kuliko yote ni kulinganisha wagonjwa na panya ambao hawakudungwa kitu. Sindano inayoingia hipokampasi inaumiza yenyewe, na hipokampasi ikijeruhiwa kufukua hupungua hata bila prioni. Kwa hiyo kundi la kulinganishia hudungwa rojo la ubongo wa panya mzima, kwa ujazo uleule, mahali palepale, na anayepima vidonge hapaswi kujua panya yupi ni wa kundi lipi.

Kiwanda kinapofungwa

Kwa nini sinapsi zife? Jibu lenye ushahidi mzito zaidi lilitoka kwa kundi la Giovanna Mallucci mwaka 2012. PrP, kama protini nyingine za utando, hutengenezwa na kukunjwa ndani ya mfumo wa vijia vya seli uitwao retikulamu ya endoplazimu. Prioni zinapoongezeka, mfumo huo huhisi msongamano wa protini zilizokunjwa vibaya na kupiga kengele. Kengele hiyo ni kimeng'enya kiitwacho PERK. PERK hubandika fosfeti kwenye protini nyingine iitwayo eIF2α, ambayo ndiyo swichi ya kuanzisha utengenezaji wa protini zote. Ikishabandikwa fosfeti, kiwanda kinafungwa.

Kwa seli iliyopatwa na msukosuko wa muda mfupi huu ni utaratibu wa busara. Kiwanda kinasimama, uchafu unaondolewa, kazi inaendelea. Katika ugonjwa wa prioni uchafu hauishi, swichi haifunguki, na sinapsi ndiyo ya kwanza kuumia kwa sababu protini zake huisha haraka na hutaka kujazwa kila mara. Katika panya walioongezewa PrP, ambao hufa karibu wiki ya 12, protini za sinapsi kama SNAP-25 na PSD-95 hushuka ghafla katika wiki ya 9. Wakati uohuo kufukua hukoma na kumbukumbu ya kutofautisha kitu kipya na cha zamani hupotea. Wiki moja baadaye neuroni zinaanza kufa. Watafiti walipoongeza GADD34, kimeng'enya kinachoondoa fosfeti ile, sinapsi zilibaki na panya waliishi muda mrefu zaidi. Walipowapa panya kemikali inayozuia uondoaji huo, walikufa mapema. Prioni zilikuwepo kwa wingi vilevile.

Kiwanda siyo mlango pekee. PrP salama hushika ayoni za shaba kwenye mfululizo wa asidi amino nane unaojirudia karibu na mwanzo wake, na kwa msaada wa shaba hiyo hupunguza makali ya vipokezi vya NMDA, vinavyopokea glutamati, kemikali kuu ya kuchochea neuroni. PrP ikipotoshwa, breki hiyo inalegea. Kalsiamu huingia kwenye neuroni kupita kiasi na vijitawi vinavyopokea ujumbe hunywea. Katika neuroni zilizokuzwa kwenye sahani za maabara, prioni zilizosafishwa huvinyofoa vijitawi hivyo ndani ya saa chache, na dawa za kuziba vipokezi vya NMDA huzuia jambo hilo.

Upande wa kutuliza nao hupwaya. Neuroni zinazotoa GABA, kemikali kuu ya kutuliza, hasa zile zenye protini iitwayo parvalbumini, ni miongoni mwa za mwanzo kupotea katika panya walioambukizwa, kama ilivyo kwa binadamu mwenye ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa prioni wa watu. Neuroni hizo ndizo huweka mdundo wa pamoja wa gamba la ubongo. Zikipungua, kishindo kidogo humshtua mnyama kupita kawaida. Ukipima ubongo kwa mashine ya sumaku bila kuufungua, N-asetiliaspateti, ambayo ni alama ya neuroni zenye afya, inashuka, na mayo-inositoli, inayoandamana na kutanuka kwa seli saidizi, yaani seli za ubongo zisizo neuroni, inapanda.

Mikroglia waliokaa mguu sawa

Seli za ulinzi za ubongo huamka mapema sana katika ugonjwa huu, ila huamka kimyakimya: umbo linabadilika, idadi inaongezeka, lakini kemikali za uvimbe zinazomwagwa ni chache. Ziko kama askari waliokaa mguu sawa wakingoja amri. Amri inaweza kutoka mbali na ubongo. Kundi la Colm Cunningham na Hugh Perry lilidunga panya wagonjwa lipopolisakaridi, kipande cha ukuta wa bakteria kinachomfanya mnyama ahisi kama ana maambukizi. Katika ubongo wa mgonjwa, mikroglia zilimwaga interlukini-1 beta, mojawapo ya kemikali za uvimbe, kwa wingi usiolingana na ule wa panya mzima aliyepewa kiasi kilekile, na neuroni zaidi zikafa. Hata mikrogramu 100 tu kwa kilo ya uzito ziliwapotezea wagonjwa kumbukumbu ya muda mfupi kwa saa kadhaa katika njia panda yenye maji ya kina kifupi, huku wazima wakiendelea kuchagua njia sahihi. Aliyewahi kumwona mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akichanganyikiwa ghafla kwa sababu ya maambukizi ya mkojo atatambua mara moja kinachofanana hapo.

Je, basi ziondolewe? Matokeo yanapingana, na sababu zake zinaeleweka. Mwaka 2013 kuzizuia kuzaliana kwa dawa inayogusa kipokezi cha CSF1, kichocheo ambacho mikroglia hukitegemea, kulichelewesha dalili katika panya wa ME7. Mwaka 2018, katika Rocky Mountain Laboratories huko Montana, kuziondoa karibu zote kulifupisha maisha ya panya na kuongeza prioni. Mikroglia hula prioni na pia humwaga sumu. Ukizipunguza kidogo unapunguza sumu, ukizifuta unamfukuza mfagiaji.

Aina moja ya protini, tabia nyingi

Mwaka 1985 ugonjwa wa prioni uliwaua minki, wanyama wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, katika shamba la Stetsonville, Wisconsin. Ulipohamishiwa kwa hamsta ulijigawa aina mbili. Ya kwanza huwafanya washtuke kwa kila kishindo na kuyumba, na huwapata baada ya siku 65 hivi. Ya pili huwafanya wazubae na kusinzia, baada ya takriban siku 168. Asidi amino ni zilezile. Tofauti ni mkunjo: kimeng'enya cha kukata protini huacha kipande kifupi kidogo katika aina ya pili, ishara kwamba sehemu nyingine ya molekuli iko wazi. Mkunjo huamua neuroni zipi zishambuliwe, na neuroni huamua tabia. Aina nyingine, 139H, huwanenepesha hamsta na kuvuruga insulini yao. Mwenyeji naye ana sauti. Panya wanaotofautiana katika asidi amino mbili tu za PrP, ya 108 na ya 189, hutofautiana mno katika muda wa kuugua: ME7 huwawahi wa kundi moja na kuwachelewesha wa kundi la pili, na aina ya 22A hufanya kinyume chake.

Kinachoweza kurudi

Mwaka 2003 kundi la Mallucci lilitengeneza panya ambao jeni ya PrP katika neuroni zao hujizima wakishakomaa. Waliambukizwa, prioni zikaachwa zienee, matundu ya mwanzo yakatokea, kisha jeni ikazimika. Matundu yalitoweka. Mwaka 2007 ikaonekana kwamba kufukua na kumbukumbu navyo vilirudi, ingawa prioni ziliendelea kujikusanya katika seli saidizi. Panya hao hawakupata dalili.

Dawa zimefuata njia hizo mbili, ya kiwanda na ya malighafi. GSK2606414, inayozima PERK, iliwakinga panya dhidi ya dalili mwaka 2013, lakini kongosho linaihitaji PERK. Panya walipungua uzito kwa zaidi ya asilimia 20 na ikabidi wauawe. Trazodoni, dawa ya sonona inayotumika kwa binadamu tangu zamani, hufungua kiwanda hatua ya mbele zaidi bila kuumiza kongosho, na mwaka 2017 iliwarudishia panya wa prioni kumbukumbu na kuchelewesha ugonjwa. Hayo ni ya panya. Hayamfanyi mtu yeyote aitumie kujitibu prioni. Kwa upande wa malighafi, vipande vifupi vya asidi nukleiki vinavyonata kwenye ujumbe wa RNA wa PrP na kuufanya uvunjwe vilirefusha maisha ya panya kwa asilimia 61 hadi 98 katika utafiti wa 2019, vilipodungwa kwenye ubongo mapema. Dawa ya namna hiyo imeshaanza kujaribiwa kwa wagonjwa.

Ubongo unaotoka katika majaribio haya hautupwi hovyo. Formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, haiui prioni. Huifanya istahimili joto zaidi, kwa hiyo vipande vya tishu huloweshwa kwanza saa 1 katika asidi fomiki isiyopungua asilimia 96. Meza na vyombo husafishwa kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita, au kwa sodiamu haipokloraiti yenye sehemu 20,000 za klorini kwa milioni, kwa saa nzima bila kukauka. Vinavyostahimili joto huingia otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo, ya nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika 18. Damu au tishu ikishakauka juu ya chuma, hata hayo hayatoshi kwa uhakika, ndiyo maana vyombo hulowekwa mara tu vinapotoka mkononi.